Harambee kwa Mgongo wa Farasi: Vidokezo vya Safari ya Nanyuki hadi Kitale

Kila mwaka watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli ili kuchangia wodi ya wajawazito, karo za watoto au kisima cha kijiji. Wapo wachache wanaotaka kuvuka nchi kwa farasi, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Farasi akipita sokoni watu husimama. Mtu akishasimama atauliza, na akiuliza umepata nafasi ya kumweleza unachangisha nini.

Lakini mkimbiaji akichoka huketi chini na kusema amechoka. Farasi ataendelea kukubeba huku anaumia, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Ndiyo maana karibu kila kidokezo hapa kinaanza na yeye. Nimechukua mfano wa njia moja, Nanyuki hadi Kitale kupitia Nyahururu, Nakuru na Eldoret. Ni karibu kilomita 400, na ni njia ambayo farasi aliyeandaliwa vizuri anaweza kuimaliza akiwa mzima.

1. Chora njia kwa kufuata mwinuko

Wengi hufikiria kwanza Mombasa hadi Kisumu, kutoka bahari hadi ziwa. Kwenye bango inapendeza, ila kwa farasi ni hatari. Sehemu za chini zenye joto na unyevu ni makao ya visubi, wadudu wadogo sana wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huo ukiwapata farasi wasio na kinga unaweza kuua hata tisa kati ya kumi. Vichaka vya pwani navyo vina mbung'o, na mbung'o huleta ugonjwa wa nagana. Hiyo ni sababu kubwa iliyofanya mizigo ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ibebwe na wapagazi. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta mmisionari David Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote walikufa mwanzoni kabisa mwa safari.

Nyanda za juu ni habari nyingine. Nanyuki iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Nyahururu inapita 2,300, na Nakuru ni kama 1,850. Kutoka hapo unapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kisha unashuka Eldoret na Kitale. Usiku ni baridi na visubi hupungua. Hawatoweki kabisa, kwa hiyo usimlaze farasi karibu na dimbwi au kinamasi, na jua likianza kuzama awe ameshaingia zizini, maana visubi huuma zaidi jioni na usiku.

2. Nenda Januari au Februari

Magonjwa ya visubi hupamba moto baada ya mvua kubwa. Mvua za masika huanza Machi, na huko Eldoret na Kitale zinaweza kuendelea hadi Septemba. Januari ardhi imekauka, mahindi ya Trans Nzoia yameshavunwa, na kando ya mashamba kuna nafasi ya kupita bila kukanyaga jasho la mtu. Utalipia uzuri huo kwa uhaba wa nyasi na maji, na hilo linataka mpango wake (tazama namba 8).

3. Pima uzito wako kabla ya kupima umaarufu wako

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, ukihesabu kila kitu: mpandaji, tandiko, viatu, chupa ya maji, koti la mvua. Farasi wa kilo 450 mwisho wake ni kilo 90. Ukitoa tandiko na mizigo midogo, mpandaji anabaki na kama kilo 75. Kwa farasi mdogo wa kilo 300 jumla ni kilo 60, yaani huyo ni wa kijana mwembamba. Ikiwa mfadhili mkubwa wa safari ni mzito na anataka kupigwa picha amepanda, mpigieni picha akiwa amesimama kando ya farasi, ameshika hatamu. Picha itatoka nzuri vilevile.

Mchague farasi aliyekomaa, kati ya miaka minane na kumi na tano, mwenye kwato ngumu, aliyezoea malori, mbwa na miavuli. Mrembo wa mashindano asiyewahi kuona tuktuk abaki nyumbani.

4. Chanjo na karatasi

Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika inataka muda. Farasi achanjwe wiki nyingi kabla ya kuondoka, kisha apumzishwe kazi ngumu kwa muda ambao daktari wa mifugo ataeleza. Usiichanganye na wiki za mazoezi makali.

Kuhusu karatasi, unahitaji kibali cha kuhamisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo, na njia hii inapita kaunti zisizopungua tano. Kukiwa na karantini mahali fulani, unataka kujua ukiwa bado Nanyuki. Kama utakatiza msitu wa serikali, zungumza mapema na Shirika la Huduma za Misitu. Laikipia kuna tembo na simba, kwa hiyo pale usipite bila mwenyeji anayejua wanyama wako wapi wiki hiyo.

5. Mazoezi ni miezi mitatu, minne ni bora

Moyo na mapafu ya farasi huzoea kazi haraka. Mishipa ya miguu na mifupa huchelewa sana. Hapo ndipo wengi hudanganyika: wiki ya sita farasi anaruka kwa nguvu, mwenyewe anaongeza kilomita, na wiki ya nane mguu umevimba. Anza kwa saa moja ya kutembea tu, ongeza kidogo kila wiki, na umpe siku za kupumzika. Kabla ya safari awe ameshafanya siku tatu mfululizo za kilomita 25, na asubuhi ya nne anyooshe miguu bila kuchechemea wala kusita.

6. Tandiko

Ningeambiwa nichague kidokezo kimoja tu, ningechagua hiki. Safari nyingi za mbali huharibikia mgongoni.

Ukifika kituo, legeza mkanda wa tumbo taratibu na umwache farasi dakika chache kabla ya kutoa tandiko, damu irudi polepole. Kisha litoe na usimame upande ambao mwanga unaangukia mgongo. Utaona alama ya jasho. Ikiwa manyoya yote yaliyokuwa chini ya tandiko yameloa sawasawa, ukiacha mfereji wa uti wa mgongo, una bahati. Ukiona sehemu mbili kavu, kila moja na ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, katikati ya manyoya yaliyoloa, hapo tandiko limebana hadi jasho limeshindwa kutoka. Pitisha kiganja polepole, bila kukandamiza. Leo atatingisha ngozi tu. Kesho patakuwa na uvimbe laini wa moto, keshokutwa kidonda, na miezi baadaye manyoya yatakayoota hapo yatakuwa meupe, alama ya kudumu ya mtu aliyekuwa na haraka.

Dawa ya kidonda cha tandiko ni kutopanda. Hakuna mafuta wala pamba ya kuongezea itakayokuokoa. Kwa hiyo tandiko litengenezwe na kupimwa kwa farasi huyohuyo, na lipimwe tena baada ya mazoezi, maana atakuwa amebadilika umbo. Blanketi la chini lioshwe na kukaushwa kila siku. Mbegu moja ya nyasi iliyonasa kwenye sufi inatosha kumtoa kwenye safari.

Viatu vya chuma navyo: vibadilishwe wiki moja hivi kabla ya kuondoka, ili kiatu kikiwa na kasoro kijulikane mapema. Fundi wa kwato hapatikani kila mji. Beba seti ya akiba iliyopimwa tayari, na saisi wako ajue kung'oa kiatu kilicholegea bila kupasua ukwato.

7. Kilomita 25 hadi 30 kwa siku, na siku moja ya mapumziko baada ya kila tatu au nne

Farasi akitembea huenda kama kilomita sita kwa saa. Ukimtia telki mara kwa mara kwenye tambarare, kilomita 30 zinaisha kabla ya jua kali ikiwa mmeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwendo huo kilomita 400 ni siku kumi na tatu hadi kumi na sita za kupanda, na ukiongeza mapumziko ni wiki tatu. Panga wiki tatu na nusu.

Usivutwe na habari za Mongol Derby, ile mbio ya kilomita 1,000 huko Mongolia. Wapandaji wa kule hubadilisha farasi kila baada ya kilomita 40 hivi, na kila kituo kina daktari. Mfano bora zaidi ni wa Aimé Tschiffely, mwalimu mzaliwa wa Uswisi, aliyeondoka Buenos Aires mwaka 1925 na farasi wawili wasio vijana, Mancha na Gato, akafika New York mwaka 1928. Ni safari ya zaidi ya kilomita 16,000, na ilichukua zaidi ya miaka mitatu kwa sababu hakuwakimbiza. Farasi hao walirudishwa Argentina wakaishi miaka mingi; Gato alikufa 1944 na Mancha 1947.

Shuka utembee. Kila saa moja tembea dakika kumi ukimwongoza, na kwenye miteremko mikali shuka kabisa. Miguu ya mbele ya farasi hubeba mzigo mkubwa anaposhuka, na mteremko wa kutoka Nyahururu kuingia Bonde la Ufa ni mrefu.

8. Maji, nyasi, na sumu zinazotolewa kwa nia njema

Farasi anayefanya kazi kwenye jua hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, pengine zaidi. Kwa farasi wawili hiyo ni mitungi mitano ya lita 20. Gari la msaada libebe pipa, kwa sababu Januari huwezi kutegemea mto. Mpe chumvi kila siku. Farasi wengine hukataa maji yenye harufu ngeni, basi mzoeshe kunywa kwenye ndoo yake ileile tangu siku za mazoezi.

Nyasi kavu ziwe ndizo chakula chake kikuu. Anunuliwe marobota mapema na yawekwe kwenye vituo, kwa sababu tumbo la farasi halipendi kubadilishiwa chakula ghafla. Farasi hawezi kutapika. Akila kibaya kinabaki ndani, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kwa siku moja.

Sasa sikiliza vizuri. Njiani utakutana na ukarimu. Mzee atakuletea ndoo ya chakula cha ng'ombe au cha kuku. Mama atakupa mahindi. Kijana atajitolea kumnyunyizia farasi dawa ya kupe. Shukuru, kisha ukatae kwa heshima. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na kuku hutiwa monensini, ambayo kwa farasi ni sumu ya moyo hata kwa kiasi kidogo. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuharibu ubongo wa farasi. Dawa za kuogeshea ng'ombe zenye amitrazi humsimamishia farasi matumbo. Majani ya mparachichi, ambayo yako kila boma, nayo ni sumu kwake. Mwandikie kila msaidizi orodha hii na umsomee kwa sauti, kwa sababu ng'ombe wa jirani anakula na kuogeshwa hivyo kila siku bila shida, na hakuna atakayeshuku.

9. Kaeni mbali na barabara kuu

Kutoka Nakuru kupanda hadi Eldoret, barabara kuu hubeba malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo mchana na usiku. Tafuta njia za mashambani kupitia Eldama Ravine, hata kama zinaongeza siku mbili. Pale ambapo hakuna budi kugusa lami, gari la msaada litangulie na jingine lifuate likiwasha taa, wapandaji wavae vizibao vya kuakisi mwanga, na msipite gizani wala kwenye ukungu. Timboroa ina ukungu mwingi asubuhi. Subirini uondoke.

10. Lala kwa ruhusa

Kila kituo kiwe kimekaguliwa mwezi mmoja kabla: nani mwenyeji, maji yako wapi, zizi lina misumari au seng'enge, usiku kuna fisi au wezi. Mwanzo wa yote ni ofisi ya chifu. Ukimweleza shughuli yako, ukaacha barua na namba ya simu, atakutafutia uwanja wa shule au boma la mtu mwaminifu, na watu watajua mnapita kwa heri. Mkiondoka, zoeni mavi na takataka. Mavi mpeni mwenye shamba, atafurahi.

Watoto watakuja wengi. Wakaribisheni kwa mpango: saa kumi jioni, farasi akiwa ameshakunywa na kupumzika, mtu mzima mmoja asimame na kamba na wengine wapange foleni upande wa bega la kushoto. Asipite mtu nyuma ya farasi. Hapo ndipo mnapoeleza mnachangisha nini, na mara nyingi mzazi aliyekuja kumchukua mwanawe ndiye atakayechanga.

11. Fedha

Kwanza, chagueni jambo moja linaloelezeka kwa sentensi moja. Kitanda cha kujifungulia cha zahanati fulani kinaeleweka. "Maendeleo ya jamii" hayaeleweki. Kwa safari ya namna hii ningependekeza pia mfikirie punda. Punda wanabeba maji na mizigo katika kaunti nyingi, na biashara ya ngozi zao iliwapunguza vibaya hadi viongozi wa Umoja wa Afrika wakaidhinisha marufuku mwezi Februari 2024. Mtu akimwona farasi ametunzwa vizuri barabarani, anaelewa haraka kwa nini punda naye anahitaji daktari.

Pili, gharama za safari msizile kwenye mchango. Nyasi, mafuta ya gari, daktari, chakula chenu: hayo yalipwe na wapandaji na wadhamini, kwenye hesabu tofauti yenye watia sahihi wawili. Mchango uende moja kwa moja kwa Paybill ya zahanati au shirika lenyewe, msiupitishe kwenye simu ya mtu. Kukusanya pesa hadharani nchini Kenya kunahitaji leseni chini ya Sura ya 106 ya sheria, basi msitembeze kikapu sokoni Nyahururu bila karatasi.

Tatu, na hili waandaaji wengi hawalifikirii: msiombe ahadi za kila kilomita. Zinavutia, kwa sababu shilingi 50 kwa kilomita ni shilingi 20,000 mkifika Kitale. Lakini fikiria uko Burnt Forest, farasi ameanza kuchechemea, na mbele kuna zaidi ya kilomita 100 zenye pesa. Kila mtu atatamani kuamini kwamba ni jiwe dogo tu. Ombeni mchango kamili, unaotolewa siku mnayoondoka au kabla, na mwandike wazi kwenye bango kwamba safari inaweza kukatizwa kwa afya ya farasi na mchango utabaki kuwa mchango. Nimeona wafadhili wakiheshimu sana maneno hayo.

12. Awepo mtu mmoja wa kusema "basi"

Asiwe mpandaji, wala mwenyekiti wa kamati. Awe daktari wa mifugo, au saisi mzoefu ambaye neno lake halikatwi. Kila asubuhi na jioni apime: joto la mwili kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mapigo ya moyo ya mapumziko kati ya 28 na 44 kwa dakika, sauti za tumbo pande zote mbili, miguu yote minne kwa mkono. Baada ya kazi, ndani ya dakika kama 20 mapigo yawe yameshuka chini ya 64. Yasiposhuka, siku imeisha, hata kama gavana anasubiri kilomita tano mbele. Yote yaandikwe kwenye daftari, maana tatizo huanza kama tofauti ndogo kati ya jana na leo.

Awepo pia farasi wa akiba, na lori la kubebea farasi lisilokuwa mbali zaidi ya saa mbili.

13. Kitale si mwisho wa kazi

Farasi arudi nyumbani kwa lori baada ya kupumzika siku mbili au tatu, atolewe viatu, aachwe malishoni mwezi mzima. Ndani ya mwezi huohuo wachangiaji wapate hesabu: kiasi kilichoingia, kilichonunuliwa, risiti, na hali ya farasi kwa maneno ya daktari. Hesabu hiyo ndiyo itakayowafanya wachange tena mwakani.

Ikiwa tayari una tarehe kichwani, mpigie daktari wa mifugo wa kaunti yako wiki hii, kabla hujachapisha bango hata moja. Akisema farasi wako bado, sogeza tarehe.